Kioo au seli hai? Kuchagua njia ya kutazama protini zikihama seli T inapokutana na shabaha yake

Chukua seli T, chembe nyeupe ya damu inayotambua maadui wa mwili, na seli iliyobeba antijeni yake, yaani kipande cha adui inachokitambua, ziache zishikane, kisha zitazame kutokea chini, kama hadubini nyingi za seli hai zinavyotazama. Zimelala ubavu kwa ubavu mithili ya maandazi mawili yaliyogandana kwenye sinia. Mahali zinapogusana, ambapo ndipo yote unayoyatafuta yanatokea, unapaona kama mstari tu, kwa sababu uso wa mguso umesimama wima. Unaweza kupiga picha tabaka baada ya tabaka na kuzipanga kwenye kompyuta mpaka uso huo ukugeukie. Hapo hasara inaanza. Hadubini ya kawaida ya mwanga hutenganisha vitu vilivyoachana kwa nanomita 200 hadi 250 kwa upana, lakini kwa kina huhitaji 500, 700, hata zaidi. Uso ulioujenga upya unatoka umevutika, na vishada viwili vya vipokezi (protini za utando zinazoitambua antijeni) vilivyokaribiana vinaonekana kimoja.

Jambo hilo ndilo lililowagawa watu wa fani hii katika njia mbili kubwa: wanaoiondoa seli ya pili na kuweka kioo mahali pake, na wanaoziacha seli mbili zikutane zenyewe na kuvumilia ugumu wa kuzitazama. Wanafunzi wanaokuja kwenye chumba chetu cha hadubini huniuliza mashine ipi ni bora. Nami huwarudishia swali kabla ya kuwasha leza yoyote: protini yako inakwenda wapi? Inateleza juu ya uso wa mguso, au inatoka tumboni mwa seli kuujia uso huo?

Kioo mahali pa mwenza

Katika njia ya kwanza unakipaka kioo chembamba kitu ambacho seli T itakidhania ni mwenzake, kisha unaidondosha juu yake. Uso wa mguso sasa umelala sambamba na kioo, na hadubini inautazama kwa upana wake wote.

Namna rahisi kabisa ni kugandisha kwenye kioo kingamwili dhidi ya CD3, sehemu ya kipokezi cha seli T. Ni nafuu, unaandaa jioni na kutumia asubuhi, na seli hutandaa juu yake kama chapati. Lakini kingamwili zilizogandishwa hazisogei, na vipokezi vinavyozishika hubaki papo hapo. Ukitaka kujua seli inawaka, yaani inaanza kuitikia, baada ya sekunde ngapi, au aktini, nyuzi za protini zinazoipa seli umbo, inatandaaje pembezoni, kioo hiki kinatosha. Ukitaka kujua safari ya vipokezi kuelekea katikati, utapata majibu ya gundi, si ya seli.

Namna ya pili ni utando wa mafuta wa tabaka mbili uliotandazwa juu ya kioo. Baadhi ya molekuli za mafuta hayo hubeba nikeli, na nikeli hushika protini zilizotengenezwa na mkia wa histidini: ICAM-1, protini ya kunatia, na MHC, protini inayobeba peptidi (kipande kidogo cha antijeni) na kuionyesha kwa seli T. Protini hizo huelea na kuteleza, kwa hiyo seli T inaweza kuzivuta inakotaka. Ni kwa utando wa namna hii (ingawa wao hawakutumia nikeli) mtafiti Michael Dustin na wenzake walionyesha mwaka 1999, katika seli hai, vipokezi vya seli T vikikusanyika katikati huku ICAM-1 ikifanya pete kuvizunguka. Mwaka mmoja kabla, kikundi cha Avraham Kupfer huko Denver kilikuwa kimeonyesha mpangilio kama huo kati ya seli mbili za kweli, ila hizo zilikuwa zimekwisha kugandishwa kwa kemikali. Tangu hapo picha ya shabaha ya mlenga mshale, kitovu na pete zake, ikaenea katika vitabu vyote vya kinga, na eneo hilo likazoeleka kuitwa sinapsi ya kinga.

Kilichofuata ndicho sababu yangu ya kuiheshimu sana njia ya kioo. Hadubini ya TIRF, ambayo Daniel Axelrod aliitumia kwa seli mwaka 1981, hupiga leza kwa pembe kali hata mwanga wote ukarudi ndani ya kioo, yaani mwakisiko kamili wa ndani. Kinachovuka upande wa seli ni mwanga hafifu unaokufa ndani ya nanomita 100 hadi 200. Sehemu yote ya seli iliyo juu ya hapo inabaki gizani, kwa hiyo hakuna ukungu wa nyuma, na molekuli moja moja inaweza kuonekana. Mwaka 2005 na 2006 kikundi cha Takashi Saito nchini Japani na kikundi cha Dustin waliweka utando wa mafuta chini ya TIRF, wakaona kitu ambacho picha za awali zilikuwa zimekificha: ndani ya sekunde chache za mguso, vipokezi hufanya vishada vidogo vidogo pembezoni, na ishara huwaka hukohuko. Aktini inayotiririka kuelekea ndani hubeba vishada hivyo hadi katikati, na vikifika huko ishara imekwisha zimika. Kitovu cha shabaha, kilichodhaniwa ndicho jiko la kazi, kikaonekana kuwa zaidi ni mahali pa kuvizima na kuviondoa vipokezi vilivyokwisha tumika. Kwa kutazama mstari wa ubavuni, jambo hili lisingejulikana.

Sasa upungufu wake. Kioo ni kigumu, na utando uliolala juu yake ni mlaini na hauna upinzani wa kwenda kando. Seli ya dendriti, mojawapo ya seli zinazoionyesha seli T antijeni, haiko hivyo. Ina aktini yake yenyewe inayoishika ICAM-1 isiteleze hovyo, ina mikunjo, na inapokutana na seli T mguso wao mara nyingi huwa na vitovu kadhaa vilivyotawanyika badala ya shabaha moja ya duara. Ukipata duara zuri kwenye utando wako, jiulize ni kiasi gani cha uzuri huo kinatoka kwa seli T na kiasi gani kinatoka kwa sakafu uliyoitandikia. Urefu wa molekuli nao una maana. TCR, yaani kipokezi cha seli T, ikishikana na MHC huacha nafasi ya nanomita 15 hivi kati ya tando mbili, na CD45, protini ya utando ambayo ni ndefu kuliko hapo, husukumwa nje ya eneo hilo. Ukiweka kingamwili au protini yenye kimo kingine mahali pa MHC, umebadilisha nafasi hiyo, na pengine umebadilisha nani anasukumwa nje.

Kuna mtego mmoja ambao nimewaona watu wengi wakinaswa nao. Doa likififia kwenye TIRF lina maana tatu zinazofanana machoni: protini imeondoka, rangi imepauka, au utando umejiinua nanomita 300 na kutoka kwenye mwanga. Usiandike sentensi hata moja kuhusu protini "iliyotoweka" kama hukupiga, sambamba na TIRF, picha ya mwanga unaoakisiwa na kioo, ile inayoonyesha weusi pale utando unapokigusa kwa karibu. Ni kazi ya nusu sekunde zaidi kwa kila mzunguko, nayo inakuokoa miezi.

Seli mbili zikutane zenyewe

Hapa jozi inayotumika zaidi kwa kuanzia ni Jurkat, ukoo wa seli T za binadamu zinazokuzwa maabara, na Raji, ukoo wa seli B. Unazipaka Raji sumu ya bakteria ya stafilokoka iitwayo SEE, ambayo hushika MHC upande mmoja na kipokezi cha seli T upande wa pili, na jozi zinajifunga zenyewe. Raji ilianzishwa mwaka 1963 nchini Nigeria kutokana na uvimbe wa Burkitt, uvimbe uleule ambao daktari Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Kwa hiyo sehemu ya tunachokijua kuhusu sinapsi ya kinga kimetazamwa juu ya seli zilizotoka kwa wagonjwa wa Afrika. Nadhani mtafiti wa kwetu anapozifungua chupa hizo anapaswa kulijua hilo.

Kuna ukoo mwingine wa uvimbe huohuo, na jina lake litamvutia Mswahili yeyote: Daudi. Lakini usiuchague kwa jina. Seli za Daudi hazina protini ya beta-2 mikroglobulini, na bila hiyo MHC ya daraja la kwanza haifiki juu ya utando. Seli T za CD8, zile zinazoua, hazitapata cha kutambua. Jurkat nazo zina kasoro yao: zimepoteza PTEN, protini inayoizuia njia ya ishara iitwayo PI3K, kwa hiyo njia hiyo ndani yake iko juu muda wote. Kwa kujifunza hadubini, Jurkat ni rafiki mzuri. Kwa hitimisho kuhusu ishara, rudia jaribio kwenye seli T zilizotoka kwenye damu.

Kuhusu mashine, usitumie konfokali (hadubini inayochuja mwanga usiotoka kwenye tabaka linalotazamwa) ya leza inayochanganua nukta moja moja kama una njia nyingine. Ni ya polepole, na kila nukta hupigwa mwanga mkali. Konfokali ya kisahani kinachozunguka hupitisha mwanga kwenye matundu mengi kwa wakati mmoja na kamera hupokea picha nzima, hivyo tabaka 20 kwa rangi mbili, kila picha ikichukua milisekunde 50, zinakamilika kwa sekunde 2. Hata hivyo fanya hesabu kabla hujafurahi. Ukirudia kila sekunde 10 kwa dakika 20, umepiga picha 4,800, na kila mara ulipopiga tabaka moja mwanga ulipita seli nzima juu na chini. Seli T inayokufa kwa mwanga haikupigii kelele. Huanza kwa kuacha kutambaa, kisha utando hutoa mapovu, na kalsiamu hupanda bila antijeni yoyote. Daima acha sehemu moja ya sahani ambayo haikuguswa na leza, na mwisho wa jaribio linganisha idadi ya jozi zilizofungana huko na pale ulipopiga picha.

Je, ugumu wa uso uliosimama wima? Hapa ndipo swali langu la mwanzo linapofanya kazi. Kama protini yako inatoka ndani kuujia uso wa mguso, basi ule mtazamo wa ubavuni tuliokuwa tukiulalamikia ni bahati yako: safari nzima inapita kwenye mhimili wa upana, ambao hadubini inauona vizuri kuliko wote. Fikiria seli T inayoua. Vifuko vyake vya perforini na granzaimu, protini za kuulia, husafiri kuelekea sentrosomu, kitovu cha nyuzi za usafiri ndani ya seli, na sentrosomu yenyewe huhama kutoka nyuma ya seli hadi kwenye mguso. Mwaka 2006 kikundi cha Gillian Griffiths kilionyesha kwamba inafika hadi kuugusa utando. Kwenye TIRF usingeona chochote cha safari hiyo isipokuwa hatua ya mwisho, vifuko vikitokea ghafla gizani. Kwenye jozi iliyolala ubavu kwa ubavu unaona mwendo wote, na unaweza kuupima kwa rula.

Kama unahitaji uso wa mguso na pia unataka mwenza wa kweli, kuna njia za kuisimamisha jozi ili seli moja iwe juu ya nyingine. Watafiti wa Imperial College London walifanya hivyo mwaka 2008 kwa kibanio cha leza, na wengine hutumia visima vidogo vilivyochongwa kwenye plastiki, kila kimoja kikimeza seli mbili. Ni kazi ya mikono yenye subira, na uso wa mguso unakuwa mikromita kumi hivi juu ya kioo, kwa hiyo achana na lenzi ya mafuta (inayogusana na kioo kupitia tone la mafuta) na utumie ya maji.

Pazia la mwanga

Mwaka 2014 Eric Betzig na wenzake wa Janelia, Marekani, walitoa hadubini inayoimulika seli kutoka ubavuni kwa pazia jembamba la mwanga lililofumwa kama kimia, huku lenzi nyingine ikitazama kwa pembe ya nyuzi 90. Sehemu inayopigwa mwanga ni ile tu inayopigwa picha. Seli nzima hupatikana kwa sekunde chache, mara mamia, na haiumii kama kwenye konfokali. Mwaka uliofuata ilitumika kuonyesha seli T zinazoua zikifagia aktini kutoka katikati ya mguso kabla vifuko havijafika, kwa pande zote tatu.

Ni mashine ninayoipenda, na bado siwashauri wengi kuanza nayo. Usiku mmoja hukupa data za terabaiti, na bila mtu wa kuandika programu ya kuzichambua utabaki na sinema nzuri zisizo na namba. Itumie pale konfokali ya kisahani imekuonyesha kwamba jambo lipo, na unahitaji kulifuata kwa muda mrefu zaidi bila kuua seli.

Ndani ya mnyama

Hadubini ya fotoni mbili, iliyotolewa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1990, hutumia mwanga wa infraredi unaopenya mikromita mamia kadhaa ndani ya tishu. Tangu 2002 imetuonyesha seli T zikitembea ndani ya tezi za limfu kwa kasi ya mikromita kumi hivi kwa dakika. Kwa protini, picha zake ni hafifu mno kuona vishada. Kinachoonekana ni mihamo mikubwa, kama NFAT, protini inayowasha jeni, ikiingia kwenye kiini, au kipokezi kilichounganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani, kikimezwa ndani ya seli. Kama swali ni iwapo jambo uliloliona kwenye sahani linatokea kweli mwilini, hakuna mbadala wake. Kwa mengine yote si hapa pa kuanzia.

Alama ya kung'aa: mahali majaribio mengi yanapoharibika

Watu hutumia wiki nzima kuchagua hadubini na dakika kumi kuchagua alama. Ningependa iwe kinyume.

GFP ina amino asidi 238 na uzito wa kilodaltoni 27. Ukiiunganisha na mnyororo wa zeta, mojawapo ya sehemu za kipokezi cha seli T, seli huvumilia vizuri. Ukiiunganisha na protini ndogo ya ndani, jaribu kwanza kama kazi yake imebaki. Jambo linalosahauliwa ni asidi. Mwanga wa GFP hupungua nusu kwenye pH ya 6 hivi, na vifuko vya seli T inayoua vina asidi kuliko hapo. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alikuwa karibu kuandika kwamba granzaimu yake haimo ndani ya vifuko. Ilikuwamo, ila imezimwa na asidi. Tulipobadilisha alama kuwa mCherry, protini inayong'aa nyekundu na kuvumilia asidi, vifuko vikaonekana siku hiyohiyo. Na kama unachotaka kuona ni ile sekunde kifuko kinapofunguka nje, udhaifu huo ugeuze kuwa chombo: pHluorin imetengenezwa iwe giza ndani ya asidi na iwake inapotoka.

Lebo za HaloTag na SNAP-tag hukuruhusu kuongeza rangi ya kemikali unayoitaka, na rangi hizo hudumu kuliko GFP. Kwa kufuata molekuli moja moja kwenye TIRF, ningechagua Halo yenye rangi nyekundu ya mbali bila kusita. Unaongeza rangi kidogo sana, molekuli chache zinawaka, na kila moja unaifuata peke yake. Mwanga mwekundu pia huumiza seli kidogo kuliko wa buluu.

Ukipenda kutumia kingamwili juu ya seli hai, tumia kipande cha Fab, yaani mkono mmoja wa kingamwili, kamwe usitumie kingamwili nzima. Kingamwili nzima ina mikono miwili, hushika vipokezi viwili na kuvileta pamoja, na kuletwa pamoja ndiko kunakoweza kuiwasha seli. Utakuwa unapima ulichokifanya wewe.

Onyo moja kwa wanaotazama aktini. Lifeact, kipeptidi cha amino asidi 17 kinachonatia kwenye aktini, ni nzuri ikiwa kidogo. Ikizidi hubadilisha aktini yenyewe. Na ukitumia blebistatini kuzuia miosini, injini inayovuta aktini, huku ukimulika GFP kwa mwanga wa buluu, dawa huharibika na kugeuka sumu.

Ningechagua nini

Chora seli mbili kwenye karatasi, kisha chora mshale wa protini yako.

Mshale ukiwa sambamba na uso wa mguso, nenda kwenye utando wa mafuta na TIRF. Kabla ya kuweka seli, pausha doa dogo la utando kwa leza na usubiri: mwanga usiporudi ndani ya dakika chache, protini zako hazitelezi, na utando huo umwage. Kisha, na hili ni sharti kwangu, chukua jambo moja tu ulilolipata na ulitafute kwenye jozi ya seli za kweli, hata kwa picha za seli zilizogandishwa.

Mshale ukiwa unaelekea kwenye uso wa mguso, tumia jozi za seli na kisahani kinachozunguka. Chagua jozi zilizolala ubavu kwa ubavu na uzipuuze zilizopandana.

Mshale ukiwa na sehemu zote mbili, kwa mfano protini inayotolewa kwa kifuko kisha inatambaa juu ya utando, usijaribu kuyapata yote kwenye seli moja siku ya kwanza. Pima kila sehemu kwa njia yake.

Na kama maabara yako ina konfokali moja ya kawaida ya leza, hali ya vyuo vingi, bado kuna kazi ya maana. Chagua tabaka moja tu linalopita katikati ya jozi, rangi mbili, picha moja kila sekunde 5, na leza ya chini kabisa inayokupa namba zinazosomeka. Pasha moto lenzi pia, si sahani peke yake. Lenzi ya mafuta ni chuma kinachogusana na kioo, na hufyonza joto la seli mpaka unapodhani uko kwenye nyuzi 37 kumbe uko chini ya hapo. Tumbukiza kipimajoto chembamba ndani ya kimiminika pale pale juu ya lenzi kabla hujaweka seli, kwa kuwa seli T zilizopoa hufunga mguso polepole, na ucheleweshaji huo ukiuingiza kwenye grafu hakuna hadubini itakayoutoa.